Singo na hina ya biharusi hapa Leicester: nilivyoona mie

Jamani mnaoozesha huku Uingereza na mnatafuta mtu wa singo, yale manukato ya kumsugua biharusi mwilini, someni hii, maana mie nilipotafuta sikupata hata mmoja wa kunieleza.

Binti yangu kaolewa mwezi wa nane. Kazaliwa hapa hapa, Kiswahili anasikia lakini ukimsemesha anakujibu Kiingereza, na singo alikuwa akiisikia tu kwa bibi yake kwenye simu kutoka Unguja. Nikapewa namba ya bibi mmoja wa Kipemba anayekuja mpaka nyumbani, siku tatu pauni 220, singo, udi, hina ya mikono na miguu, vitu vyote vyake.

Nilidhani atakuja na singo ya kopo. Kaja na kinu, mchi, waridi makavu, karafuu, mpacholi, na kipande cha liwa, ule mti wa kunukia, na jiwe lake la kusugulia, akamkalisha biharusi mwenyewe mkekani akamwambia twanga mwanangu. Mtoto katwanga mpaka jasho, halafu akafundishwa kusugua liwa juu ya jiwe kwa matone ya marashi, pole pole, mpaka ule uji mzito ukatoka na nyumba nzima ikanukia kama chumbani kwa mama yangu. Nililia jamani. Sisi tuliokua tukimsikia Bi Kidude, yule mwimbaji wa taarab na unyago wa Unguja, Mungu amrehemu, katuondokea 2013, tunajua haya mambo yalipita kwa ngoma na mkono na mdomo, ukikosa wa kukukalisha chini ndo basi.

Na kumsinga anasinga kwelikweli, toka shingoni mpaka nyayoni, biharusi kafunikwa kanga ya kisutu, huku anamweleza kila kitu kwa Kiswahili chepesi na anamngoja ajibu kwa Kiswahili. Siku ya tatu mwanangu alikuwa anauliza mwenyewe, "bibi, karafuu kiasi gani?"

Hina nayo niiseme vizuri. Mwaka juzi mtoto wa dada yangu alipakwa piko mahali pengine, mkono ukafura malengelenge, alama anayo mpaka leo. Ile piko nyeusi ya haraka mara nyingi ni dawa ya nywele, ina kemikali inaitwa PPD, na sheria ya hapa hairuhusu kupakwa kwenye ngozi. Huyu bibi piko hiyo hapaki hata umbembeleze. Hina yake anaikoroga usiku kwa ndimu na mafuta ya mkaratusi, ukibandua inakuwa rangi ya chungwa, usishtuke, baada ya siku mbili inaiva hudhurungi ya kukoza. Kwa hiyo pakeni siku mbili kabla ya harusi, sio usiku wa kuamkia.

Kasoro zipo. Siku ya kwanza alichelewa saa nzima na nusu na simu hapokei, wageni wamekaa tu. Vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia, pia havikunifurahisha, asumini aliinunua jana yake ikawa imeshasinyaa, nikamtuma kijana mbio Belgrave Road kwenye maduka ya Wahindi, alhamdulillahi akapata kamba mbili mbichi. Na udi akataka kuuwasha ndani, king'ora cha moshi kikalia jengo zima, tukahamishia chetezo bustanini, biharusi akajifukiza huko na kanga zake na upepo ule wa Leicester.

Lakini ningemuita tena, na nshamuita, mdogo wake biharusi anaolewa mwakani. Vipimo vya singo dada mtu kaviandika kwenye simu yake, vijiko na konzi, na liwa iliyobaki kaichukua kwake pamoja na jiwe, kalinunua kwa yule bibi pauni 15. Mkimchukua, mwambieni saa ya kuja mapema kuliko mnayoitaka, na asumini mkanunue wenyewe asubuhi ya siku ile.