Uzoefu Wangu na Curta Aina ya I

Katika mashine zote za zamani za kukokotoa nilizokusanya, hakuna niliyoitafuta kwa muda mrefu kama Curta. Ni silinda nyeusi ya chuma inayoenea kiganjani, yenye vitelezi 8 ubavuni vya kupangia tarakimu, na juu yake mna mpini mdogo wa kuzungusha. Ilitengenezwa Liechtenstein tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mbunifu wake, Curt Herzstark wa Austria, aliichora akiwa mfungwa katika Buchenwald, kambi ya mateso ya Wanazi nchini Ujerumani. Kila ninapoishika, hilo hunijia akilini.

Muuzaji alinihakikishia kwamba inafanya kazi barabara, na kwa kuwa rangi yake haikuwa na mkwaruzo hata mmoja, nilimwamini. Nilipoijaribu, mpini ulikuwa mzito. Sikuulazimisha, kwa sababu nguvu huvunja meno ya gia ambayo vipuri vyake havipatikani kwa urahisi. Niliweka 1 kwenye kitelezi cha kwanza, nikauvuta mpini juu ili mashine itoe badala ya kujumlisha, nikauzungusha mara moja. Madirisha yote 11 ya jibu yakaonyesha 9, kama inavyotakiwa. Kisha nikaurudisha chini na kujumlisha ile 1. Hapo kila dirisha lilipaswa kugeuka sifuri, moja likilisukuma linalofuata, lakini mawili ya mwisho kushoto yalibaki na 9. Ningalipiga hesabu ndogo tu, nisingaligundua kasoro hiyo kamwe.

Fundi wa saa aliyeifungua alikuta mafuta ya zamani yameganda kama gundi. Baada ya kusafishwa na kutiwa mafuta mepesi kidogo sana, mpini sasa unateleza kwa mlio laini unaofanana kila mzunguko. Ili kuzidisha 347 kwa 26, ninazungusha mara 6, ninainua sehemu ya juu na kuisogeza nafasi moja, kisha ninazungusha mara 2, na 9022 inatokea.

Ninaipendekeza kwa moyo wote, ila mnunuzi amwombe muuzaji video ya jaribio hilo la 9 na sifuri kabla ya kulipa. Picha za ganda linalong'aa hazitoshi. Na kama ina kopo lake la chuma, kifuniko hufunguliwa kwa kuzungushwa kulia. Wengi hulikaza zaidi wakidhani limekwama.