Matairi ya kizamani ya gari la rimoti: kagua mdomo kwanza, kashata baadaye

Malalamiko mnayonitumia siku hizi yamekuwa wimbo mmoja. Mtu amefufua gari la rimoti la miaka ya themanini, Hornet au Frog ya kampuni ya Tamiya iliyokuwa imelala kabatini kwa mjomba, akaagiza matairi ya kizamani yaleyale ya kwenye picha ya boksi, akasubiri mzigo mpaka akakata tamaa, hatimaye ukafika. Matairi yamo ndani ya mfuko wa kiwandani, hayajafunguliwa tangu yatengenezwe. Anavuta la kwanza livae rimu, linaingia kwa shida. La pili linachanika mkononi. Kaka mmoja wa Igoma, hapa Mwanza, kanitumia picha ya lake: miiba yote imesimama, haijaonja hata vumbi, lakini ukingo wa ndani umeachana robo ya mzunguko. Alipomwandikia muuzaji, akajibiwa kwamba amelivisha kwa pupa.

Hakuwa na pupa. Tairi lilikufa siku nyingi, akauziwa pamoja na sanda yake.

Kwa hiyo leo sizungumzii mshiko, wala kashata, yaani michoro na miiba ya juu ya tairi, ipi inafaa kokoto na ipi inafaa mchanga. Hayo kila mtu anayasema. Nazungumzia mdomo wa tairi, ule ukingo mwembamba wa ndani unaokaa kwenye mfereji wa rimu, kwa sababu hapo ndipo hela zenu zinapopotelea, na hakuna muuzaji anayepapiga picha.

Tairi la daladala lina waya za chuma ndani ya mdomo, na upepo unausukuma ukae kwenye rimu. Tairi la gari dogo la kipimo cha 1/10, yaani sehemu moja ya kumi ya gari halisi, halina waya na halijazwi upepo. Ndani yake kuna hewa ya kawaida tu, au sponji, na mara nyingi kuna kitundu cha kupumulia. Kinachoshika ni mvutiko wa mpira wenyewe na gundi, basi. Sasa mpira ukifikisha miaka arobaini, oksijeni na ozoni ya hewani imeshaukausha, mafuta yaliyokuwa yanaulainisha yamehama, na mara nyingi panapotangulia kufa ni pale palipo pembamba, mdomoni. Kashata ni nene, inaweza kubaki nzuri machoni miaka na miaka. Ndiyo maana picha zinawadanganya. Mnaijua kandambili iliyosahaulika juu ya bati kiangazi kizima: ukiitazama ni nzima, ukiikunja inakatika. Basi mdomo wa tairi la zamani uko hivyo hivyo.

Kabla ya kutuma hela, mwambie muuzaji akurekodie video fupi, nje kwenye mwanga wa jua, akiupindua mdomo polepole, mzunguko mzima, pande zote mbili. Usikubali picha. Mpira mzima ukipinduliwa unabaki mweusi uleule. Mpira uliochoka unapauka pale kwenye mkunjo, kisha vinajitokeza vistari vyembamba vilivyolala sambamba, vingine huwezi kuviona mpaka usogeze simu karibu. Ukiviona hivyo, achana nalo, hata kama amekupunguzia nusu bei. Mwambie pia akandamize ukucha kwenye ubavu wa tairi: alama irudi yenyewe mbele ya macho yako. Isiporudi, au ukucha ukiteleza tu bila kuingia, umeshapata jibu. Wengi watakataa kurekodi. Wanaokataa wanajua wanachouza.

Halafu kuna hawa wa kung'arisha. Dawa ileile ya kung'arisha matairi inayotumika kwenye sehemu za kuoshea magari wanaipaka kwenye matairi madogo, yanatoka yanawaka utadhani yametoka kiwandani jana. Nyingi ya dawa hizo zina silikoni, na silikoni ina mabaya mawili: inaziba zile nyufa zisionekane, na inaikataa gundi. Utavisha vizuri, utagundisha vizuri, na mzunguko wa kwanza tairi linatoka lenyewe linaelekea mtaroni. Likikufikia, lifute kwa tishu nyeupe. Likiacha utelezi, lioshe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, likauke, kisha upitishe spiriti mdomoni kabla ya kufikiria gundi.

Haya, tuje kwenye kununua.

Namba moja ni Tamiya ya toleo jipya, na upendeleo wangu hapa siufichi. Hawa wa Shizuoka, Japani, ndio waliotoa Sand Scorcher mwaka 1979, Frog 1983, Grasshopper na Hornet 1984, kisha wakayarudisha sokoni baada ya miaka mingi: Hornet 2004, Grasshopper 2005, Sand Scorcher 2010. Kwa vile gari limerudi, matairi yake nayo yanapatikana kama kipuri, umbo lilelile, miiba ileile, mpira mbichi. Rimu ya zamani inalipokea bila ugomvi. Unasukuma kwa vidole gumba, mdomo unadumbukia kwenye mfereji wake, unasikia umekaa. Kwa nini mtu alipe mara tatu kwa ajili ya mfuko ulioandikwa miaka ya themanini wakati anataka kuliendesha gari, mimi sijawahi kuelewa.

Ila msilale. Hornet ya 2004 nayo imeshapita miaka ishirini, na kuna wauzaji wana mabaki ya mzigo wa kwanza waliouweka stoo ya bati. Video ya mdomo iko palepale, toleo jipya au la zamani. Na someni kama mfuko ni wa mbele au wa nyuma, kwa maana kwenye magari haya ya kusukumwa na magurudumu ya nyuma hayalingani kabisa: la mbele ni jembamba lenye mistari, la nyuma ni pana lenye miiba.

Namba mbili ni matairi ya leo yenye sura ya zamani. Schumacher ya Uingereza ina Mini Spike na Mini Pin, na Wamarekani Pro-Line na JConcepts wana ya kwao. Mpira wake ni mzuri mno, mdomo mnene, hauhitaji kuomba dua wakati wa kuvisha. Shida ni kwamba mengi yametengenezwa kwa rimu ya inchi 2.2, ambayo siyo rimu ya gari lako la 1984. Kwa hiyo unanunua tairi na rimu, kisha unagundua rimu ya kisasa inashikwa na heksi ya milimita 12, kile kitovu cha pembe sita, wakati ekseli yako haina heksi hiyo. Nyuma unaweza kupata kiunganishi. Mbele ndipo penye kazi, maana kwenye Hornet na Grasshopper rimu ya mbele inabeba beringi ndani yake na kuzunguka bure kwenye ekseli. Ukimaliza kununua kila kinachohitajika, umeshakaribia kununua gari lingine. Mwenye kushindana na wenzake, sawa. Mwenye kutaka gari lifanane na boksi, arudi namba moja.

Namba tatu ndiyo hayo ya mfukoni, ya kizamani kweli. Siyachukii. Kwenye kabati la kioo yanapendeza, na gari la maonyesho haliendeshwi. Kama ni lazima uyavishe, yaloweke kwanza kwenye maji ya moto ambayo mkono unayavumilia, siyo yanayochemka, mpaka mpira ulegee wote. Vaa haraka kabla hayajapoa, kwa vidole tu. Bisibisi iweke mbali. Mdomo mkavu ukiguswa na ncha ya chuma habari imeisha. Na ulaini huo ni wa muda, maji yakipoa mpira unarudi ulivyokuwa, kwa hiyo usidhani umelifufua. Wenye rimu zinazofunguka vipande na kukazwa kwa skrubu mna nafuu, kwa sababu mdomo unabanwa katikati bila kunyooshwa, na gundi hamuihitaji.

Namba nne ni mtumba. Mlango Mmoja, soko letu la mitumba, ukiwa na subira na macho, unaweza kukuta gari zima halina rimoti wala betri, limechanganyika na midoli. Kama tairi limo kwenye rimu, limegundishwa na halijapasuka, nunua gurudumu zima na uliache hivyo hivyo. Tamaa ya kulitoa ili ulihamishie kwenye rimu yako ndiyo inayolimaliza. Ukilazimika, chemsha maji udumbukize gurudumu, joto linaidhoofisha supaglu. Asetoni ya saluni nayo inaiyeyusha, lakini jaribu kwanza upande wa ndani wa rimu usioonekana, kwa sababu plastiki ya ABS huyeyuka pamoja na gundi na utabaki na uji.

Namba tano, yale magumu ya plastiki ya bei ya chee, hayafai. Ni mepesi, yanateleza hata kwenye zege.

Sasa bei, na hapa naomba mnivumilie. Matairi ya gari la rimoti hayana uzito wowote, pea mbili unaziweka kiganjani hujui kama umebeba kitu. Lakini yana mwili. Baadhi ya mawakala wa mizigo wakiona boksi limejaa hewa wanapima ukubwa badala ya kilo, na ghafla usafiri umezidi bei ya matairi yenyewe. Bado ushuru wa forodha, bado VAT ya asilimia 18, bado kuutoa mzigo Dar uje Mwanza. Mwambie muuzaji ayatoe kwenye boksi la maonyesho na ayaweke mifukoni tu. Ila asiyakandamize yakalala bapa, maana tairi lililokaa bapa wiki nyingi linafika na umbo la yai na mdomo wenye mkunjo. Bora zaidi, agizeni watu kadhaa kwa pamoja.

Na mawinga, jamani. Unashuka Makoroboi, hujafika hata kwenye maduka, kijana keshakushika bega: "Dada, unatafuta nini, ninayo." Hana. Anakwenda kuulizia duka la tatu mbele, anarudi na tairi la gari la mtoto la kuchezea sebuleni, ameshaweka na cha kwake juu. Ukimwambia unataka la Hornet anakuapia kuwa ndilo hilo, la Japani, lilibaki moja. Sina ugomvi na mtu anayetafuta riziki, wengine ni wema na wanakufikisha panapotakiwa. Ninachokataa ni mtu kuniuzia kitu asichokijua kwa bei ya kitu ambacho hana. Muulize mduara wa mdomo ni milimita ngapi uone atakavyotazama pembeni.

Gundi haina mambo mengi. Ile nyepesi kama maji ndiyo inayofaa, kwa sababu inajipenyeza yenyewe kati ya mdomo na rimu. Nzito inabaki juu. Vidude vidogo vya supaglu vya dukani vinatosha, ukishafungua kimoja kitumie chote, kesho kitakuwa jiwe. Safisha mdomo na mfereji kwa spiriti, vaa tairi, hakikisha mdomo umekaa sawa mzunguko mzima. Kisha kata vipande vya tyubu ya baiskeli, uzungushie tairi ili mdomo ubanwe kwenye rimu. Fungua ubavu kidogo kwa kidole, dondosha tone, achia. Sogea mbele, tone jingine. Ukimaliza upande mmoja uache ukauke kabisa ndipo ugeuze. Supaglu hukauka kwa kuvuta unyevunyevu, na sisi wa kando ya ziwa unyevu tunao, kwa hiyo usiende kupiga soga mlangoni ukidhani una muda wa kurekebisha. Fungua madirisha, moshi wake unachoma macho.

Mnaoniambia tairi la Grasshopper halihitaji gundi, ni kweli: gari hilo: ilikuja na mota ndogo ya 380, haina ubavu wa kuizungusha rimu ndani ya tairi. Hornet ilikuja na mota kubwa zaidi, ya 540. Hiyo ikishika kokoto ghafla, rimu inazunguka na tairi linabaki, na mdomo unasagika taratibu kwa ndani bila wewe kuona.

Kama unaendesha ufukweni, ziba vile vitundu vya kupumulia, la sivyo maji na mchanga vinaingia, sponji inanyonya, na gurudumu linakuwa zito upande mmoja mpaka gari linatetemeka. Na likizama pembeni mwa majani, tafadhali usiingie miguu mitupu kulitoa. Kichocho kipo, na gari ni la kuchezea.

Walioniuliza kuhusu matairi ya sponji tupu, yasiyo na mpira wa nje: hayo ni ya sakafu laini na zulia. Kokoto za Buhongwa zitayala kabla jua halijazama.