Seti ya gitaa la umeme ya kuanzia, kwa anayetaka kupiga metali: miezi minane nayo Tanga

Nianze na jibu kwa wenye haraka. Seti hii inafaa kujifunzia metali (ule muziki mzito wa gitaa lenye mngurumo), ila si kama inavyotoka kwenye boksi. Ukiipiga vile vile ilivyo itakuaminisha kwamba una vidole vizito, kumbe nyuzi ziko juu, briji (pale nyuzi zinaposhikwa mwilini mwa gitaa) inayumba na amplifaya imefunguliwa ovyo. Nimeitumia miezi minane Raskazone, bahari ikiwa karibu, na sehemu kubwa ya kilichokera mwanzoni ilikuwa ya kifaa, si ya mkono.

Ndani ya boksi kuna gitaa la umbo la Stratocaster lenye freti 22 (vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo), urefu wa uzi milimita 648, amplifaya ya wati 10 yenye spika ya inchi 6, waya wa mita 3, mkanda, begi jepesi na piki tatu laini. Bei ilikuwa chini ya laki tano, mzigo ukaja kwa basi kutoka Dar. Chapa siitaji, wala duka. Seti za aina hii zinafanana mno, na niliyoyakuta kwangu utayakuta hata kwenye yenye jina jingine.

Kabla ya kulipa angalia pikapu (si gari, ni vile visumaku chini ya nyuzi). Unataka iliyo karibu na briji iwe ya koili mbili (koili ni waya mwembamba uliozungushwa), ile wanayoiita humbaka. Umeme wetu unatembea kwa mapigo 50 kwa sekunde, na pikapu ya koili moja inayanasa yote na kuyageuza kuwa mvumo. Humbaka ina koili mbili zilizopangwa kinyume, kwa hiyo mvumo unaoingia upande mmoja unafutwa na ule wa upande wa pili, unabaki mlio wa uzi. Kwenye nyimbo laini tofauti hiyo ni ndogo. Ukiongeza mngurumo wa metali, koili moja inakuwa kero tupu. Seti yangu ina humbaka moja na pikapu mbili za koili moja, na swichi ya nafasi tano haijaondoka upande wa briji tangu wiki ya pili.

Sasa marekebisho, kwa mpangilio, maana ukianzia mwisho utarudia kazi.

Kwanza shingo. Tyuni gitaa, bana uzi wa sita (ule mnene kabisa) kwenye freti ya kwanza na ya kumi na saba kwa pamoja, kisha tazama nafasi kati ya uzi na freti ya saba. Inatakiwa iwe karibu milimita 0.25. Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 ina unene wa karibu milimita 0.1, kwa hiyo mbili zipite bila shida, ya tatu ianze kugusa. Yangu ilipitisha sita. Kuna chuma ndani ya shingo kinachokazwa kwa alenki: ukikikaza shingo inanyooka, ukikilegeza inapinda kufuata nyuzi. Zungusha robo tu, tyuni upya, pima tena, na ikibidi subiri hadi kesho yake. Kikigoma, acha. Ukikilazimisha kikakatika, gharama ya kukitengeneza inazidi bei ya gitaa.

Pili, kimo cha nyuzi. Pima kwenye freti ya 12, kuanzia juu ya freti hadi chini ya uzi. Lilifika likiwa na milimita 3 upande wa uzi mnene, na hapo ndipo wengi wanapokata tamaa, kwa sababu kila kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) inadai nguvu ya kuminya sifongo yenye maji. Teremsha hadi milimita 2 uzi wa sita na 1.6 uzi wa kwanza. Kazi hiyo inafanyika kwenye matandiko, vile vipande sita vya chuma vinavyobeba nyuzi kwenye briji, kila kimoja na skrubu zake mbili ndogo. Ukiteremsha zaidi nyuzi zitagonga freti. Mgongano kidogo unaosikika gitaa likiwa halijachomekwa lakini hausikiki kwenye spika hauna neno, kwenye metali ni kawaida.

Tatu ni briji, na hili ndilo kosa kubwa la seti kwa mtu wa metali. Briji ya umbo hili inaelea, imeshikiliwa na springi nyuma ya gitaa zinazovutana na nyuzi. Ukilegeza uzi wa sita kutoka noti ya E kwenda D, mvuto unapungua upande mmoja, springi zinashinda, briji inarudi nyuma na nyuzi tano zilizobaki zinapanda. Unazishusha hizo, ule wa sita unapanda tena. Mtu anazunguka hapo nusu saa akidhani sikio lake bovu. Dawa yake: fungua kifuniko cha nyuma, kaza skrubu mbili ndefu zinazovuta springi, nusu mzunguko kila upande, mpaka briji ilale bapa juu ya mbao na isinyanyuke hata ukipiga kwa nguvu. Kama springi ni tatu, ongeza ziwe tano. Kisha chonga kipande cha mbao ngumu ukipachike kati ya kile kibonge cha chuma kinachovutwa na springi na ukuta wa upande wa mkia wa gitaa. Utapoteza ule mkono wa kuyumbisha sauti. Hutaukumbuka.

Nyuzi za kiwandani ni seti ya 9 hadi 42 (unene kwa sehemu za elfu za inchi). Kwa E ya kawaida zinatosha, kwa D uzi wa sita unakuwa kamba ya nguo. Ukiupiga kwa nguvu, sauti inaanza juu kisha inashuka, na pawa kodi (ile kodi ya noti mbili) inasikika imepotoka ingawa tyuna inasema sawa. Weka 10 hadi 46, au zile zenye nyuzi za besi nene zaidi, 10 hadi 52, kama hutaki kurudi E. Ukibadili unene, rudia vipimo vya shingo na kimo, maana mvuto umeongezeka. Kwenye kijiti cha juu ya shingo, pitisha penseli laini ndani ya kila mfereji. Ule mlio wa "ting" unaousikia unapotyuni ni uzi unaokwama na kuachia ghafla, na ungaunga wa penseli unaulainisha.

Halafu usidanganywe kwamba mlio mzito unatoka kwenye nyuzi nene peke yake. Tony Iommi wa Birmingham, Uingereza, mpiga gitaa wa Black Sabbath, alikatwa ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia kiwandani mwaka 1965, na kwa kuwa anapiga kushoto, ndivyo vidole vya kubania nyuzi. Akatafuta nyuzi nyepesi, baadaye akazishusha chini ya tyuni ya kawaida ili zisimuumize, na mlio ule ndio metali ilipozaliwa. Legevu, nyepesi, bado nzito masikioni.

Amplifaya ni nzuri kuliko nilivyotegemea, tatizo ni mtumiaji. Kila anayeanza anafanya jambo lile lile: geini (kitufe cha kuongeza mngurumo) 10, besi 10, mid (sauti za kati) 0, trebo (sauti za juu) 10. Chumbani peke yako inasisimua. Lakini geini haichagui, inakuza noti uliyoikusudia pamoja na nyuzi nne ambazo hukuzizima, mkwaruzo wa vidole na mvumo wa umeme. Halafu spika ya inchi 6 haina uwezo wa besi hiyo, inaanza kukoroma. Na mid ikiwa sifuri, ukipiga juu ya ngoma za kwenye simu gitaa linatoweka kabisa, kwa sababu sauti yake inakaa katikati hapo hapo ulipoifuta. Nimeishia geini 4 na nusu, besi 4, mid 6, trebo 5. Unaona kama imepungua ukali. Piga pawa kodi mbili na kimya katikati, utasikia ukali umerudi: metali inaumbwa zaidi na kimya kati ya noti kuliko na mngurumo wenyewe.

Tundu la hedifoni lipo, usiku linasaidia, ila mlio wake ni wa nyuki ndani ya kopo kwa kuwa haupiti kwenye spika. Punguza trebo hadi 2. Hedifoni za bluutuu achana nazo, zinachelewesha sauti kiasi cha kukuvuruga mapigo.

Neno la umeme, na hapa sitanii. Plagi iliyokuja ilikuwa ya miguu miwili, ikahitaji kiunganishi. Ukigusa nyuzi na mvumo ukapungua, hiyo ni kawaida, mwili wako umeunganishwa na ethi ya gitaa. Ukihisi msisimko wa shoti kwenye vidole, chomoa palepale na umwite fundi umeme aangalie ethi ya soketi kabla hujaligusa tena. Na kama yako ni ya miguu mitatu, usivunje mguu wa ethi ili plagi iingie.

Piki za kwenye boksi ni za milimita 0.46, zinapinda kama jani. Kwa rithimu ya dansi zinaweza kupita. Kwa metali zinachelewa, maana piki inapinda kwanza ndipo uzi unaruka. Tafuta kati ya 1.0 na 1.5, na iache itokeze milimita 2 au 3 tu kati ya kidole gumba na cha shahada.

Pamu myuti (kuzima uzi nusu kwa kiganja) inahitaji kuangaliwa kwa karibu, kwani ndiyo nusu ya metali yote. Laza ubavu wa kiganja, upande wa kidole kidogo, juu ya matandiko yenyewe, pale uzi unapotoka kwenye chuma. Piga uzi wa sita. Ukisikia mlio mrefu wa kawaida, mkono uko nyuma mno. Ukisikia "tap" kavu isiyo na noti, umesogea mno upande wa shingo. Unachotafuta ni "jug", noti inayojulikana ni D, fupi, yenye tumbo. Kati ya hizo mbili kuna milimita 5 hivi. Usikandamize, uzito wa mkono unatosha; ukikandamiza noti inapanda na kupotoka. Mkono wa kushoto nao una kazi ya kuzima: ncha ya kidole cha shahada iguse uzi wa juu yake, na tumbo la kidole lilale juu ya nyembamba za chini.

Jaribio la haki ni hili: zima kitufe cha mngurumo, piga zoezi lile lile kwa sauti safi. Tanga ni mji wa gitaa, bendi za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz zilitoka hapa, na wapiga rithimu wa dansi hawakuwa na pa kujificha, kila kosa lilisikika. Likisikika safi bila mngurumo, ukiwasha litakuwa metali. Likiwa chafu, mngurumo utalifunika kwako wewe tu, msikilizaji analisikia.

Kuhusu kasi, amplifaya haina metronomu (kifaa cha kugonga mapigo), tumia ya simu. Anza mapigo 60 kwa dakika, noti nne kila pigo, piki chini na juu kwa zamu. Ukipiga mara tatu mfululizo bila kosa, ongeza 4, si 20. Wengi wanakwama kati ya 100 na 120, na sababu si vidole, ni bega na kiwiko kuanza kukaza. Mwendo utoke kwenye kifundo cha mkono. Ukikwama, badala ya kusukuma, piga pigo moja tu kwa kasi unayoitaka, noti nne na ya tano ya kumalizia, kisha pumzika mapigo matatu. Mkono unajifunza kasi bila kuchoka. Dakika 15 za hivyo zinazidi saa nzima ya kurudia wimbo kwa makosa. Ncha za vidole kuuma ni kawaida ya wiki tatu nne za kwanza, kifundo kikiuma acha siku hiyo.

Udhaifu wa kudumu wa seti hii kwa pwani ni chuma chake. Hewa ya chumvi na jasho vinakula nyuzi, kwangu zinadumu wiki tatu hadi nne, baada ya hapo zinakuwa na chembechembe na hazishiki tyuni. Zifute kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, na chini yake pia. Skrubu za matandiko zilianza kutu mwezi wa pili, moja ikagoma kabisa. Tone la mafuta ya cherehani kwenye ncha ya sindano, subiri usiku mmoja, ikafunguka. Sasa naweka tone kila ninapobadili nyuzi. Begi halizuii unyevu, weka ndani vile vifuko vidogo vinavyokuja kwenye boksi za viatu, na masika shingo ipime upya.

Waya ulikufa mwezi wa tatu, ulikatika shingoni mwa plagi, na plagi zake za plastiki hazifunguki. Ukinunua mwingine chukua wenye plagi za chuma za kufungua kwa skrubu, fundi redio yeyote Ngamiani anaulehemu upya. Nati ya tundu la waya kwenye gitaa nayo hulegea. Usiikaze kwa nje tu: fungua kile kibati, shika tundu kwa ndani lisizunguke, ndipo ukaze kwa spana, la sivyo waya za ndani zinajisokota hadi zinakatika na gitaa linakuwa bubu.