Sanduku la vichekesho vya zamani: uzoefu wangu baada ya baridi mbili Stockholm

Bei kwanza, maana najua ndilo swali: kronor 60 (pesa ya Uswidi) kwenye duka la mitumba, na deki ya kuchezeshea kronor 100 nyingine, kutoka rafu ya chini ya duka hilohilo. Sanduku lina diski nane za DVD za wachekeshaji wa sinema za zamani: tatu za Charlie Chaplin, mbili za Buster Keaton, mbili za Laurel na Hardy, na moja ya vipande vifupi vya waigizaji mchanganyiko. Nimelitumia misimu miwili ya baridi sasa, kwa hiyo haya si maneno ya mtu aliyefungua boksi jana.

Kwa aliyeko Dar anayejiuliza vichekesho na baridi vinahusiana vipi, ngoja nieleze. Saa zetu sisi tunazihesabu kwa jua. Likichomoza ni saa kumi na mbili, likizama ni saa kumi na mbili tena. Njoo na hesabu hiyo Stockholm mwezi wa Desemba uone itakavyokuvuruga. Jua linatoka saa tatu kasorobo asubuhi na kuzama saa tisa kasorobo mchana. Saa tisa! Saa ambayo kwetu Tanga mtu ndiyo kwanza anajinyoosha kutoka usingizi wa mchana. Na jua lenyewe siku nyingi hulioni, unaona tu ukijivu umepauka kidogo. Unakwenda kazini giza, unarudi giza.

Mwaka wangu wa kwanza nilinyong'onyea hadi nikadhani nimekuja na malaria kutoka nyumbani. Usingizi hauishi, hamu yote ni ya mkate na sukari, simu ya mama ikiita naitazama tu mpaka inanyamaza. Kumbe hali hiyo ina jina hospitalini. Ni sonona ya msimu, iliyoelezwa mwaka 1984 na daktari Norman Rosenthal na wenzake huko Marekani. Tiba yake mojawapo ni taa kali ya laksi 10,000 (laksi ni kipimo cha mwanga), ambayo unakaa mbele yake nusu saa kila asubuhi. Ninayo, inasaidia, na aliyezidiwa kabisa aende kwa daktari asije akanisingizia mimi na sanduku langu. Lakini taa kazi yake ni kukuamsha. Kukuchekesha haiwezi.

Sanduku nililichukua kwa sababu ya picha ya juu: kofia, kisharubu, fimbo. Chale! Nyie mliozaliwa juzi mnadhani neno hilo limekuwepo tangu enzi na enzi, mchekeshaji yeyote mnamwita chale. Wazee walilitoa kwa huyuhuyu Charlie. Mimi nilikutana naye Muheza nikiwa na miaka saba au minane, gari la sinema lilipokuja. Shuka jeupe lilifungwa kwenye milingoti ya goli, jenereta ikawekwa mbali isituletee kelele na bado ikatuletea. Mbele kulijaa, kwa hiyo Mjomba akanibeba mabegani tukaenda kutazamia nyuma ya shuka. Kutoka nyuma picha unaiona vizuri tu, ila imegeuka. Fimbo ya mkono wa kulia inakuwa ya kushoto. Nikaishi miaka nikiamini Chale ni mtu wa mashoto. Ajabu ni kwamba nilikuwa sahihi kwa makosa: Chaplin kweli alikuwa mashoto, hata fidla yake aliipiga kwa mkono huo.

Sasa bidhaa yenyewe. Iliyolipa kronor zangu zote 60 ni moja tu, The Gold Rush ya mwaka 1925. Hadithi yake ni ya watu waliokwenda Klondike, kule Kanada, kutafuta dhahabu wakaikuta theluji, na nadhani ndiyo maana inafaa msimu huu kuliko nyingine zote. Dirishani theluji, kwenye runinga theluji, ila ile ya kwenye runinga unaicheka. Kuna pale njaa imewabana kibandani, Chale anachemsha kiatu chake. Anakiepua, anakikata kwa heshima kama mtu aliyealikwa harusini, kamba anazizungusha kwenye uma kama tambi, misumari anaifyonza mmoja mmoja kama mifupa ya kuku.

Binti yangu ana miaka minane, amezaliwa hapa. Kiswahili anakisikia, lakini ukimsemesha anakujibu Kiswidi. Vichekesho vyangu vya siku zote ni vya marehemu King Majuto, Amri Athumani wetu wa Tanga, aliyefariki Agosti 2018. Navyo nikimwekea hukaa kwa adabu, mimi navunjika mbavu peke yangu, kisha ananiuliza mzee yule amesema nini. Utani wa Majuto uko kwenye ulimi, ukiutafsiri unakufia mkononi. Lakini msumari wa kiatu hauhitaji mkalimani. Tulicheka palepale, kwa pamoja, mimi na yeye, na nikatambua ilikuwa mara ya kwanza wiki nzima nasikia sauti yangu ikicheka ndani ya nyumba ile. Nilipomwambia kiatu kile kilitengenezwa kwa urukususu, pipi ile nyeusi wanayoitafuna Waswidi kama sisi tunavyotafuna karanga, alinitazama kwa dharau: kumbe alikuwa anakula pipi tu!

Laurel na Hardy wanafuatia. Waswidi wanawaita Helan och Halvan, majina ya glasi ya kwanza na ya pili ya pombe kali mezani, na ukiwatazama utaona yamewakaa. The Music Box ya 1932 ndiyo iliyopata tuzo ya Oscar, na kisa chake ni watu wawili kupandisha piano ngazi ndefu isiyokwisha. Hicho tu. Aliyewahi kusaidia jamaa kupandisha friji ghorofa ya nne kwenye jengo lisilo na lifti atalia machozi. Keaton namheshimu, yule bwana anaangukiwa na ukuta mzima wa nyumba na kunusurika kwa kuwa alisimama usawa wa dirisha, na usoni hatikisiki. Ila usiku wa Januari uso usiocheka ninao wangu tayari.

Kasoro zipo. The Gold Rush iliyomo humu si ile ya kimya ya 1925 bali ya 1942, ambayo Chaplin mwenyewe aliipunguza na kuitilia muziki na masimulizi ya Kiingereza. Muziki ni mzuri. Masimulizi yanakera, ni kama yule mtu wa kibanda umiza anayekuhadithia picha unayoiona kwa macho yako. Sisi tunapunguza sauti. Vile vipande vifupi navyo vinakimbia kupita kiasi, kwa sababu filamu nyingi za enzi zile zilipigwa kwa picha 16 hadi 20 hivi kwa sekunde na aliyezinakili amezichezesha kwa 24, basi watu wanahangaika kama siafu waliomwagiwa maji. Diski ya sita inakwama palepale kila siku, lakini hilo ni la mtumba wangu, wako huenda ukawa mzima.

Na kuna kipande kimoja cha diski ya mwisho ambacho Mzungu amejipaka masizi usoni ili achekeshe kama mtu mweusi. Nilizima. Binti akauliza kwa nini nimezima, na jioni ile haikuwa ya vichekesho tena, ilikuwa ya maelezo. Siku hizo kilikuwa kitu cha kawaida kwenye filamu zao, kwa hiyo mwenye watoto azipitie peke yake kwanza.

Na kama unanunua ili utume nyumbani, soma nyuma ya boksi: DVD hupangiwa kanda, yaani eneo la dunia zinakoruhusiwa kuchezwa, na diski nyingi za Ulaya ni za kanda ya 2, Tanzania ni kanda ya 5, deki ya kule inaweza kuzikataa.

Namna tunavyolitumia: Jumamosi na Jumapili, jua likishazama, chai ya tangawizi, simu zote juu ya kabati. Filamu moja basi. Nilijaribu kutazama kila siku, wiki ya pili ikawa kama kumeza vidonge. Sanduku nalipatia nyota nne kati ya tano, moja nimeikata kwa ajili ya masimulizi na masizi.

Sheria ya simu niliivunja Januari, Jumapili moja, nikampigia Mjomba kwa video.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba, mjomba. Huko usiku?"

"Saa kumi jioni."

"Sasa mbona giza?"

Sikuwa na jibu fupi, nikamgeuzia simu kwenye runinga. Kibanda cha Chale kilikuwa kinaning'inia ukingoni mwa genge, kikiinama huku na kule kila akipiga hatua. Mtandao ukakatika, ukarudi, na uliporudi Mjomba alikuwa anacheka kicheko kile cha mtu asiye na meno ya mbele, na binti yangu ameacha filamu anamcheka yeye.

"Steringi gani huyu," akasema, "miaka yote hii bado anapata tabu tu." Akakohoa kidogo. "Na unajua lile shuka la siku ile lilikuwa la bibi yako? La kwao lilichanika. Walimwambia watalirudisha asubuhi."

Binti akanivuta mkono wa sweta akitaka kujua babu amesema nini. Nikamwambia kwa Kiswahili. Akafikiri kidogo, kisha akauliza, kwa Kiswahili pia, kilichopinda lakini kizima: "Wakarudisha?"

Mjomba alicheka hadi simu ikamponyoka.