Matembezi ya kutazama majani katika pori la Masasi

Nililipa shilingi 35,000 kwa matembezi ya nusu siku katika pori la miti ya miyombo lililo kando ya barabara ya Masasi kwenda Nachingwea, baada ya kuona tangazo la kikundi cha waongoza wageni lililoahidi "rangi za vuli". Neno hilo lilinitia shaka, kwa kuwa sisi wa kusini hatuna mvua za vuli. Tuna msimu mmoja tu, unaoanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili au Mei.

Siku yetu ya Oktoba ilikutwa na manyunyu ya mapema, nayo yaliyapa majani mng'ao ambao jua kali lingeuficha. Myombo wa kwanza tuliosimama chini yake ulikuwa na majani laini yaliyolegea kama kitambaa kilicholowa, mengine rangi ya damu ya mzee, mengine ya shaba, na kila ncha ilishika tone lake. Mzee aliyetuongoza alitupeleka kwenye kichaka cha mtogo kilichobakiza majani machache ya manjano, akakwanyua moja, utomvu mweupe ukamchuruzika kidoleni. Kisha akatuonyesha mlama na matunda yake makavu yenye mabawa manne. Kwa saa hiyo moja sikuijutia fedha yangu.

Kasoro kubwa ilikuwa katika maelezo. Kijana aliyefuatana naye alishikilia kwamba majani mekundu yamezeeka na yanakaribia kupukutika, mpaka mzee akamkatiza kwa upole: "Mjukuu wangu, haya bado yananyonya." Ndivyo ilivyo. Jani changa la myombo halijajaa umbijani, yaani ile rangi ya kijani ya majani, na wekundu wake hulikinga na jua. Mti hulichipusha kabla ya mvua kwa maji uliyoyahifadhi shinani na yale yanayovutwa na mizizi ya kina. Uzee ni ule umanjano wa mtogo, ambao hujitokeza umbijani unapovunjika.

Tuliambiwa tuondoke saa 12 asubuhi, tukaondoka saa 2, na makoti ya mvua hayakuwapo. Muhogo wa kuchoma ulikuwa wa kawaida.

Anayetaka wekundu aende kati ya mwisho wa Septemba na katikati ya Oktoba, na anayetaka majani yanayopukutika aende Julai au Agosti. Kwa vyovyote, kabla ya kulipa, aulize kama mzee atakuwapo.