Kesi (boksi) ya kompyuta yenye vitufe juu: nzuri machoni, lakini kwa vumbi la Dodoma?

Mambo vipi wana Dodoma, na nyinyi wa Singida mnaotuangalia, karibuni. Leo tunayo hii kesi ya kompyuta ya mezani yenye kioo ubavuni. Habari za RAM na prosesa mnazijua, naziruka. Kamera isogee hapa juu.

Kitufe kikubwa, cha kuwashia. Kidogo, riseti. Matundu mawili ya USB, la kijani la hedifoni, la pinki la maiki. Yote yanatazama juu! Kiangazi cha huku vumbi linaingia hata dirisha likiwa limefungwa, sasa tundu la namna hii si bakuli la vumbi? Flashi itashika leo, kesho igome, na wewe utailaumu flashi. Kwa kweli hili linaniudhi. Kama umeshanunua, tafuta vile vifuniko vya mpira. Usipulize kwa mdomo, mate yanaingia. Zima, chomoa umeme, pitisha brashi kavu laini.

Tuwashe. HDMI ya skrini ichomeke kwenye kadi ya grafiki kama ipo, usichomeke kwenye ubao mama, ule ubao mkubwa wa ndani unaounganisha vyote. Skrini nyeusi nyingi zinaanzia hapo. Umeme unakuja mwisho. Nyuma ya pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani, weka swichi kwenye I, maana ikibaki O utabonyeza kitufe mpaka uchoke. Na jamani, pawa saplai za zamani zina kiswichi chekundu cha volti 115 na 230. Kwetu ni 230. Ukiiacha 115, inaungua palepale.

Angalieni kidole: nabonyeza mara moja, naachia. Taa ya pawa hiyo. Hii inayopepesa ni ya diski. Ikipepesa, usikate umeme. Mashine ikiganda kabisa, shikilia kitufe sekunde 4 hadi 5, itazima, ila kazi ambayo hujaisevu imekwenda. Riseti haizimi, inaanzisha upya. Na wameiweka karibu mno na cha kuwashia! Ukiegesha daftari hapa juu tu, umeibonyeza.

Taa haiwaki lakini mashine inafanya kazi? Fungua ubavu. Waya za vitufe, POWER SW na RESET SW, hazina upande, ila za LED, yaani za taa, zina chanya na hasi. Geuza plagi, basi, hakuna kilichoungua. Ya kuogopa ni plagi nene ya USB 3.0, ina matundu 19. Isukume wima, ukiipeleka mshazari unalaza pini kwenye ubao mama, na ukitaka kuinyoosha inakatika.

Kwa bei yake, mimi ningechukua mtumba wa ofisini wenye vitufe mbele, hela inayobaki ninunue SSD, ile diski ya kasi. Kioo hiki kizuri, sikatai, lakini utakifuta kila siku.

Video ijayo ni ya UPS, kile kifaa cha betri kinachoshikilia mashine umeme ukikatika, kwa sababu ya umeme wetu huu. Gonga kengele, na uandike hapo chini: kesi yako ina vitufe juu au mbele?