Pine ya moto (pikipiki) hapa Goma: gani ya kununua, gani ya kumuachia muuzaji, na namna ya kuifunga bila kutoboa mupira ya ndani

Nianze na yenye batu bengi hawapendi kusikia: hapa Goma jina la pine si kitu cha kwanza. Cha kwanza ni ubavu wake, cha pili ni umri wake, cha tatu kama ni kipimo cha janti (rimu) yako, kisha njo uanze kuuliza kama ni ya kampuni ya MRF ao ni ya nani. Juu mawe yetu haiko mawe ya mutoni. Ile lava yenye ilishuka tarehe 17 Januari 2002 ikapita katikati ya muji iliacha mawe yenye kukata, tunaivunja, tunajenga nayo, tunaimwanga barabarani, na moto zinapita juu yake asubuhi mpaka usiku. Kokoto ya mutoni inasuguaka pine pole pole, lava yenyewe inakata. Na inapendaka kukata kwa ubavu, fasi hakuna meno (ile michoro yenye inashika barabara), wakati unakwepa shimo na unapanda kando kando ya barabara. Kwa hiyo mutu wa Kigali ao wa Kampala akikuambia pine fulani ilimutembeza mwaka muzima, umusikilize kwa heshima lakini usinunue juu yake.

Tuingie kwa kipimo. Soma yenye imeandikwa kwa pine yenye iko kwa moto sasa, lakini usiiamini peke yake, juu yule mwenye alikuuzia moto anaweza kuwa aliweka tu yenye alipata siku ile. Angalia pia kitabu cha moto ao karatasi yenye iko imebandikwa kwa kifuniko cha sheni (mnyororo), kama haijatoka. Moto za TVS HLX na Boxer nyingi zenye tunaona hapa zinatembea na 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma. Ile 3.00 ni upana kwa inchi, 17 ni ukubwa wa janti. Moto za Kichina za umbo la CG (zenye zinafuata Honda CG) mara mingi ziko na janti ya 18, na pine ya 17 haitaingia hapo hata fundi akivuta namna gani, na ya 18 ukiiweka kwa janti ya 17 itacheza mpaka itoke. Inaonekana ni kitu ya wazi, lakini kila siku kuna mutu anarudi dukani na pine mukononi anagombana juu muuzaji hataki kurudisha.

Nyuma ya kipimo kuna namba na herufi, mufano 50P. P ni mbio, mpaka kilometa 150 kwa saa, hiyo isikusumbue, hakuna fasi ya kukimbia vile kati ya kartiye za Birere na Ndosho. Namba njo ya maana: 50 maana yake pine moja inaweza kubeba kilo 190, na 41 ni kilo 145. Sasa fanya hesabu. Moto yenyewe tuseme kilo 115, weye 70, bakiliya babili 140, jumla 325, na karibu sehemu mbili kwa tatu ya ile uzito inakaa nyuma, unapita kilo 210. Umeshapita mupaka wa 50 na bado haujapakia gunia ya makala (makaa). Sisemi uache kubeba babili, nani atanisikia, ninasema tu usichukue ya 41 ukaifunga nyuma juu eti bei ni nzuri.

Kuna na ile alama ya PR. Zamani ilikuwa inahesabu tabaka za nyuzi za ndani, leo ni kipimo cha nguvu tu, lakini kwa mununuzi maana ni ileile: 6PR ni ngumu kuliko 4PR, ubavu unakaza, inavumilia mzigo na mawe. Ubaya wake inaruka ruka kwa barabara mbaya, na mgongo wako utajua. Mimi kwa moto ya kazi nyuma siangaliaki 4PR hata kidogo.

Kuhusu umri, tafuta namba ine zenye ziko zimefungiwa peke yake kwa ubavu, kama 1824: juma la 18, mwaka 2024. Muuzaji atakuambia "papa, ni mupya, ona nywele zake bado ziko", zile nywele za mpira haziambie kitu, pine inaweza kukaa dukani miaka na nywele zake zote. Mpira unazeeka hata kama hautembei, na ile yenye inatundikwaka inje, mbele ya duka, jua inaichoma kila siku, inazeeka mbio kuliko yenye iko ndani kwa giza. Omba ya ndani. Akikatala, nenda duka ya pili. Ukiishika, ikunje na mikono yako mibili na uangalie chini ya mifereji, fasi meno yanaanzia: ukiona mistari midogo midogo ya kupasuka, rudisha. Na upitishe kidole kwa ule mukanda wa chuma wa ndani, wenye unakaa kwa janti, muzunguko muzima. Pine za moto zinasafirishwaka zimekazwa moja ndani ya ingine, kuna zenye zinafika zimejikunja, na yenye ule mukanda umepinda haitakaa sawa kwa janti hata siku moja.

Sasa orodha yangu, kwa mutu mwenye anafanya taksi ya muji, ni yangu na si ya sheria.

Ya kwanza: pine mupya ya India, 3.00-17, 6PR, 50P, meno ya katikati, maana si laini sana sawa ya barabara ya lami na si marefu sawa ya krosi, pine ya matope. MRF, CEAT, TVS Eurogrip, zote tatu ni za India, kule moto ya 100 na 125 njo gari ya familia, baba, mama, batoto na gunia juu, kwa hiyo banajua pine ya kubeba ni nini. Kati ya izi tatu sitakupigia debe ya moja: chukua yenye tarehe yake iko karibu. CEAT ya miezi mitano inashinda MRF ya miaka mine, hata kama muuzaji anaapa kwa mama yake.

Ya pili: za Taiwan, Kenda na Duro, ukizipata kwa kipimo chako na kwa PR yenye unataka. Mpira wake ni muzuri. Basi.

Ya tatu: mapya ya bei chini yenye majina haujasikiaka, mara mingi 4PR. Kwa mutu mwenye moto yake inamupeleka kazini na kumurudisha nyumbani, kartiye ya Himbi, peke yake, bila muzigo, inatosha na sioni sababu ya kumuchekea. Kwa taksi ni kupoteza feza mara mbili, juu meno yatabakia mazuri na ubavu utakuwa umeshakatika. Mbele unaweza kuweka 4PR bila shida, mbele inabeba kidogo na inamalizika pole pole, lakini kuweka 4PR mbele si kuweka takataka mbele, eh. Pine ya nyuma ikipasuka moto inayumba na mara mingi unaweza kuisimamisha, ya mbele ikipasuka usukani haikusikii tena.

Ya ine ni krosi, ile ya meno marefu, na hapa orodha inageuka kufuatana na njia yako. Kwa muji haina kazi: Goma iko juu ya lava, maji inapotea chini haraka, hakuna matope mengi ya kuuma, na kwa lami yale meno yanalika mbio, tena wakati wa mvua yanateleza juu yenye inashika lami ni kidogo tu. Lakini ukipita Sake na uanze kupanda kuelekea Masisi, udongo unageuka, ni ule wa kuteleza sawa sabuni, na kule krosi inatoka nafasi ya ine inakuwa ya kwanza, pine ya muji itakuangusha na bakiliya. Mwenye anafanya njia zote mbili akamate ile ya meno ya katikati na apunguze mbio, hakuna pine yenye inafanya yote.

Ya tano, okazi, maana pine yenye imeshatumika. Si zote mbaya, sitadanganya. Kuna mutu alibadilisha pine juu aliuza moto, na pine bado iko na nusu. Angalia zile alama ndogo zenye zimeandikwa TWI kwa ubavu, zinakuonyesha fasi kamulima kadogo kako ndani ya mufereji, meno yakifika sawa na kale kamulima pine imeisha. Ingiza mukono ndani na upapase: kiraka cha ndani ya pine yenyewe, si cha mupira, maana yake ilishapasuliwa na jiwe. Hiyo usichukue.

Ya mwisho, na hapa sina mujadala: pine yenye imechongwa upya kwa kisu yenye imepashwa moto, yenye ilikuwa imekuwa kipara na mutu akairudishia mifereji. Inangaa, banaipaka rangi nyeusi, inapendeza, na chini ya ile mufereji umebakia mpira mwembamba juu ya nyuzi. Jiwe moja tu. Utaijua juu ndani ya mifereji hakuna kale kamulima ka TWI, na mistari yake haifuatane muzuri, mukono wa mutu si mashine.

Pamoja na pine, nunua mupira ya ndani mupya. Ninajua inauma, lakini mupira wenye umetembea na pine kubwa ya zamani umeshavutika, ukiuingiza ndani ya mupya unajikunja, na fasi ya mukunjo inakatika yenyewe bila musumari. Ukiweza upate ya butyl (mpira wa kutengenezwa fabrike), inashika pumzi muda murefu kuliko ya mpira wa kawaida. Na kama janti yako ni ya rayo (spoki), muuzaji asikuzungushe na pine ya tubeless, yenye haihitaji mupira ndani, kwa bei ya juu: unaweza kuifunga na mupira ndani, lakini faida yake hauioni, pumzi ingetokea kwa matundu ya rayo.

Kufunga sasa, na hapa njo mapine mengi mapya yanakufia, si barabarani. Fundi akitoa turnevisi (bisibisi), umwambie kwa upole "fundi, tumia vyuma vya pine," juu turnevisi inakata mukanda na inatoboa mupira. Pine ya zamani ikishatoka, uangalie ndani ya janti ule mukanda wa mpira wenye unafunika vichwa vya rayo, kama umepasuka ubadilishe, bei yake ni kidogo, na rayo yenye kichwa chake kimetokeza ipigwe tupa. Angalia mushale kwa ubavu wa pine: ufuate namna gurudumu inazunguka. Kama kuna tone la rangi kwa ubavu, banaiwekaka karibu na valvu.

Sabuni na maji, si mafuta ya moteri, si mazutu (dizeli), mafuta inakula mpira. Mupira uwekwe pumzi kidogo kabla ya kuingia, kiasi tu ya kupata umbo la duara, njo haujikunji. Fundi aanze upande wenye uko mbali na valvu na amalizie kwa valvu, na wakati anafunga, ule upande wa pili ukanyagwe na magoti ushuke katikati ya janti fasi kuko bonde. Hiyo njo siri yote. Ukiona anatumia nguvu mingi na chuma kinaanza kupinda, si juu pine ni ndogo, ni juu upande wa pili haujashuka. Kabla ya kumalizia asukume valvu ndani kidogo, ili mupira usibanwe chini ya mukanda. Weka pumzi, kisha uangalie ule mustari mwembamba wenye unazunguka ubavu karibu na janti: lazima uwe mbali na janti kiasi kimoja muzunguko muzima, pande zote mbili. Kama umezama fasi moja, toa pumzi, sabuni tena, weka tena. Na ile ekru (nati) ndogo ya valvu usiikaze mpaka chini kwa janti, uipandishe juu karibu na kifuniko. Siku mupira ukianza kutembea ndani ya pine utaona valvu imelala, utarekebisha kabla haijakatika.

Usiondoke bila kuangalia freni ya nyuma: ile chuma yenye inashika kifuniko cha ngoma ya freni irudishwe na buloni yake na kapini kake. Ikisahauliwa, siku utakanyaga freni kwa nguvu kile kifuniko kinazunguka pamoja na gurudumu na gurudumu inakwama. Sheni pia, ikae na mulegezo kidogo, kiasi ya sentimeta 2 mpaka 3 katikati, na gurudumu ikae katikati, alama za kushoto na za kuume zilingane.

Pumzi. Kwa moto za aina iyi kitabu mara mingi kinasema karibu psi 25 mbele, nyuma 28 ukiwa peke yako na 32 ukibeba mutu. Ukibeba zaidi unaongeza kidogo, bila kupita yenye imeandikwa kwa ubavu. Bale batoto ba kompresere banapenda kujaza mpaka inalia sawa ngoma, bakiulizwa banasema "papa, njo nguvu hiyo". Apana. Pine ngumu sana inakatwa na jiwe vyepesi na haishiki barabara. Na laini sana inakuwa mbaya ingine: janti inapiga jiwe, mupira unabanwa katikati, unatoka na matundu mabili yenye yanafuatana. Ukiona matundu mabili vile usitafute musumari, shida ilikuwa pumzi. Kapimo kadogo ka pumzi ka mufukoni kanatoshana, upime asubuhi kabla ya kutembea, juu pine ikishapata moto inakudanganya.

Siku za kwanza pine mupya inateleza, iko na mafuta ya fabrike juu yake, kwa hiyo usilaze moto kwa mizunguko, zaidi mvua ikianguka. Kisha umurudilie fundi akaze rayo. Na ile pine ya zamani usimuachie vile iko, juu kesho utaiona sokoni imechongwa: ikate ubavu na kisu mbele yake, kisha uipeleke kwa batengenezaji ba chukudu (ile kinga ya miti ya kubebea mizigo), banaikata mikanda banaipigilia kwa magurudumu ya miti, na kule hata kipara iko na kazi.